Kabati la Nyuzi Kumi na Tatu

Jumatano, 1 Julai 1987. Makoko

Saa kumi na mbili asubuhi, nyuzi ishirini na mbili. Saa nane mchana, ishirini na saba. Kipimajoto ni cha maabara ya shule. Niliazima nikiwa bado kazini, nikastaafu nacho, hakuna aliyekidai.

Mchanga wa sandukuni umekauka tena. Nimeumwagia maji. Chupa zote sita za divai zimelala vizuri chini ya kitanda, vizibo vimelowana kwa ndani kama inavyotakiwa.

Nyangeta amewaambia wanawake bombani kwamba mume wake siku hizi analea chupa. Wamecheka hadi nikasikia nikiwa ndani. Sikutoka. Ni kweli nalea.

Nimeisoma tena barua ya kaka Mloli iliyokuja na lori pamoja na chupa. "Mizabibu nimeing'oa yote, hakuna anayenunua. Hii ni ya mavuno ya mwisho, nimeikamua kwa mikono yangu. Usiifungue. Nakuja Agosti. Tutaifungua tukiwa wawili."

Hati yake ni ya mtu asiyeona mistari. Ana miaka sabini na mitatu.

Miaka kumi na minane hatujaonana. Mara ya mwisho ilikuwa kumzika mama. Kumzika baba sikwenda. Simu ya maandishi ilinifikia shuleni Bunda siku ya tisa, kaka akawa ameshachimba kaburi na majirani. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linalonisumbua. Angenilaumu ningemwomba radhi, tukamaliza.

Halafu ikaja kuhamishiwa vijijini. Nyumba za kilimani kwetu zikabomolewa. Kaka alihamia kijijini kama alivyoamriwa, lakini kila asubuhi alirudi kilimani kwa miguu kupalilia mizabibu kando ya makaburi. Kazi hiyo alijifunza kwa mapadri. Sasa mizabibu haipo. Kwetu kumebaki chupa sita, na ziko chini ya kitanda changu zinapata joto.

Jumamosi, 4 Julai

Nimekwenda kuangalia mafriji mawili. Moja Butiama, moja hapa mjini.

La Butiama ni la mafuta ya taa, la nesi mstaafu. Nilipanda lori la pamba, nikashuka nimejaa vumbi hadi kwenye masikio. Friji ni zima. Nesi alinifungulia, akanipa kipande cha barafu mkononi kama anayenipa mtoto nimbebe. Nilimuuliza kama linaweza kukaa nyuzi kumi na tatu, ambazo kitabu changu kinasema ndizo zinazofaa divai. Alinitazama. "Mwalimu, friji ni la baridi. Hayo mengine sijui." Tena mafuta ya taa hayajaonekana Musoma wiki ya pili sasa.

La mjini si friji hasa. Ni kabati la divai. Mzungu wa mradi wa maji aliondoka mwezi uliopita akamwachia mpishi wake. Lina kimo cha kiunoni, mlango wa kioo cheusi, na ndani vitanda vya mbao vilivyochongwa mawimbi, kila wimbi lipokee chupa moja. Lina kitufe chenye namba, nane hadi kumi na nane. Nilipiga magoti kukisoma. Maisha yangu yote sijaona kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya shida yangu peke yangu.

Mpishi analiwekea mashati. Kwake hakuna umeme. Anataka baiskeli yangu.

Nimemweleza Nyangeta. Yeye ni mtu wa Suguti, ziwani, amekulia kwenye samaki.

"Linatoa barafu?"

"Halitoi."

"Friji gani halitoi barafu? Chukua lile la Butiama, tuuze barafu kwa wavuvi."

Hoja yake ni nzuri kuliko yangu. Nimeshaamua hata hivyo.

Alhamisi, 9 Julai

Baiskeli imeondoka. Mpishi alipiga kengele yake mara mbili pale kona, nadhani kwa kunifurahisha. Nimeumia.

Kabati liko sebuleni, mbali na dirisha. Saa nne asubuhi niliwasha. Saa nane, nyuzi kumi na tatu. Saa kumi na moja, kumi na tatu. Nimelaza chupa moja moja. Nimekaa mbele ya kioo kama mjinga. Nina furaha. Naandika ili nikumbuke.

Jumanne, 14 Julai

Mtaa mzima umeshajua. Wanaita duka la Mgogo. Miaka arobaini niko Mara, nimefundisha watoto wao na wajukuu wao, bado ni Mgogo. Hawasemi kwa ubaya.

Mama Zaituni, jirani yetu anayeuza vitambaa Iringo, ameleta soda kumi na mbili za maulidi. Aliangalia kupitia kioo akarudi nyuma.

"Mzee wangu, hizo pombe zitazitazama soda zangu?"

"Hazina macho, mama."

"Zifunike basi. Kwa heshima yangu."

Nimezifunika kwa kanga ya Nyangeta. Soda zimekaa sakafuni mwa kabati. Mlango umefunguliwa mara tisa leo, nimehesabu. Nyuzi kumi na sita.

Jana mtu aliweka sangara nikiwa chooni. Sijui nani. Kwa joto lile sangara hakai. Kabati limenuka hadi leo, nimelisugua kwa ndimu.

Siwezi kukataa. Mtu wa kuja hakatai. Nyangeta angeweza, ni kwao, lakini anafurahia kuona nikihangaika.

Jumamosi, 25 Julai

Umeme saa nne tu kwa siku. Wanasema jenereta la mji halina dizeli. Nyuzi kumi na nane, kumi na tisa. Nimelivisha kabati blanketi.

Barua. Kaka haji Agosti. Mguu umevimba, anasema Septemba. "Divai haina haraka," ameandika. Hajui joto la chumba changu.

Jumatatu, 3 Agosti

Umeme ulirudi saa tano kwa kishindo. Taa zikawaka nyeupe kabisa, ya jikoni ikapasuka. Kabati lilitoa mlio mmoja mdogo, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Kisha kimya.

Nyuzi ishirini na nne jioni.

Jumatano, 5 Agosti

Amekuja fundi Hamisi wa Iringo. Ndiye anayejua mafriji mji huu. Alichuchumaa, akaangalia, akasimama tena.

"Toa kwanza hizo chupa, mzee wangu. Mkono wangu hauingii penye pombe."

"Utafanya kazi kwa nyuma tu, Hamisi."

"Hata kwa nyuma. Nikifa leo nitajieleza vipi?"

Nimezitoa. Nimezipanga kwenye beseni la maji, kivulini, nyuma ya mlango. Alifungua mota. Kifaa kidogo cha kuwashia kimeungua, kidogo kama kifungo cha koti. Hapa hakipo. Bunda kuna gereji yenye mafriji mabovu ya kunyofoa vipuri. Amenichorea kwenye karatasi.

Ningekuwa na baiskeli ningefika hata kituoni mapema.

Ijumaa, 7 Agosti. Bunda

Kifaa nimekipata saa sita mchana. Kiko mfuko wa shati, kila mara nakigusa.

Gari la kurudi hakuna. Moja limekosa dizeli, jingine limepata dizeli likakosa tairi. Maduka ya hapa siku hizi yana sabuni, kanda za muziki, viatu vya plastiki vya rangi zote. Miaka mitatu iliyopita tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni. Sasa vitu vipo na mimi nimekaa juu ya jiwe kituoni na kifungo mfukoni.

Nalala gesti. Nimepita mbele ya shule yangu ya zamani. Sikuingia. Pale ndipo niliposhikilia ile simu ya maandishi, siku ya tisa.

Jumapili, 9 Agosti. Makoko

Nimefika saa nane mchana.

Chupa sita zilikuwa mezani, wima, zimepangwa mstari. Midomoni zimezibwa magunzi ya mahindi. Nzi wadogo wamezizunguka. Vizibo viko kwenye sahani, vimeoshwa.

Nyangeta alikuwa amekaa kando ya meza na upepeo. Amekaa hapo tangu juzi, akipunga. Aliponiona alisimama, uso umejaa ushindi.

"Moja ilikuwa imeruka! Ijumaa mchana, mlio kama bunduki, povu mpaka kwenye dari. Nikasema zinapasuka zote hizi, shemeji yangu anakuja akute vigae. Nikazifungua zipumue. Togwa na pombe yetu si tunazifunguaga hivyo hivyo? Ukibana, inapasukaga."

Nilitazama dari. Doa liko pale, jekundu, kubwa kama sinia.

Amepika pombe ya mtama tangu akiwa msichana. Kwa pombe yake, alichofanya ni sahihi kabisa. Hata kwa hii hakukosea yote, maana ile moja kweli iliruka. Lawama ni yangu. Nilimwambia zilale, zisitikiswe, zisipate joto. Sikumwambia kwa nini, wala kwamba divai ikipata hewa inageuka siki. Nilifundisha watoto miaka thelathini na tatu, na mke wangu nilimpa amri tupu.

Nilimwambia amefanya vizuri.

Nimezirudishia vizibo. Nimeonja kijiko kimoja. Bado ni divai. Ni nzito, ina ukakasi, ina udongo ndani yake. Nimeufahamu udongo ule. Nimeacha hapo.

Jumatano, 12 Agosti

Fundi Hamisi amefunga kifaa. Kabati linafanya kazi kikamilifu. Nyuzi kumi na tatu barabara. Umeme haujakatika tangu jana.

Nimecheka. Nyangeta ameuliza kuna nini. Nimesema hakuna.

Jumapili, 16 Agosti

Kijiko kimoja. Bado ni divai.

Nimemwandikia kaka aje haraka kama mguu unaruhusu. Sikusema sababu.

Jumapili, 23 Agosti

Bado, lakini kuna kitu pembeni mwa ulimi. Kitabu kinasema hewa ikishaingia hakuna dawa. Baridi inachelewesha tu. Nimeusoma ukurasa ule mara nne kana kwamba utabadilika.

Jumapili, 30 Agosti

Chupa tatu ni siki. Tatu bado zinabishana.

Ijumaa, 11 Septemba

Barua ya kaka, ameiandikisha kwa mtoto wa jirani kwa sababu macho yake sasa yanaona vivuli tu. Anapanda treni hadi Mwanza, kisha basi. Atafika karibu na tarehe ishirini. "Nimekaa mwaka mzima bila kugusa hata tone la divai, ili ya kwanza niinywe na wewe."

Nimeonja zote sita. Siki. Siki nzuri, safi, ya mtu anayejua kazi. Siki.

Jumatatu, 14 Septemba

Nyangeta amejua sasa kwamba ni siki. Nilimkuta jikoni amekaa juu ya kinu, analia bila sauti. Amesema nimwambie kaka kwamba ni yeye. Nimesema hapana. Amesema basi nimwambie kwamba ni joto. Nimesema nitaona.

Ameimimina yote kwenye galoni la mafuta ya kula, akaliweka rafuni. "Haimwagwi," amesema. Ameshaanza kuitia kwenye kachumbari. Kachumbari ni tamu, sijawahi kula nzuri kama hiyo. Nimeinuka mezani kabla sijamaliza.

Jumatano, 16 Septemba

Nimefanya jambo la aibu. Naliandika lilivyo.

Duka moja la Iringo limeleta divai. Ya kiwandani, ya Dodoma, ya mkoa wetu kabisa. Nimenunua mbili. Nimeosha chupa mbili za kaka, nimemimina, nimezipiga vizibo vyake mwenyewe kwa nyundo na kipande cha kitambaa. Nimezilaza kwenye vitanda vya mbao. Nyuzi kumi na tatu.

Kwa macho huwezi kujua. Na yeye haoni.

Jumatatu, 21 Septemba

Amefika. Kondakta alimshusha kwa kumbeba. Kaka yangu aliyekuwa anabeba gunia la mtama kila bega. Alinishika uso kwa viganja viwili, akaupapasa kama anayechagua embe sokoni.

"Umezeeka, Ndahani."

"Na wewe."

"Mimi sijioni, siwezi kujua."

Amecheka mwenyewe. Jina lile hakuna anayeniita huku. Nimelisikia nikageuka nyuma, kana kwamba anaitwa mtu mwingine.

Jumanne, 22 Septemba

Amepumzika. Jioni aliomba aonyeshwe kabati. Nimempeleka. Amelipapasa kioo, kitufe, akaingiza mkono akagusa mawimbi ya mbao na chupa mbili zilizolala.

"Zimebaki mbili?"

Nimesema moja iliruka kizibo, nyingine tatu zilipata joto. Ni kweli hadi hapo. Alitikisa kichwa taratibu.

"Na umetoa baiskeli yako kwa ajili ya hili."

Nyangeta amemwambia hilo. Sijui amemwambia nini zaidi.

Jumatano, 23 Septemba

Mchana, na sato wa kuchoma. Nyangeta alitandika kitambaa cheupe. Nilifungua vibaya, kizibo kikakatika. Nilimimina vikombe viwili.

Aliinusa. Aliishikilia mdomoni. Mimi nilitazama sahani yangu. Nilihesabu miba.

Akameza.

"Mwaka ule mvua zilichelewa," alisema. Kisha: "Umeitunza vizuri, Ndahani."

Alikunywa kikombe chote. Nilipotaka kuongeza alikifunika kwa kiganja. Aliomba kachumbari, akaila nyingi, akaomba tena.

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya baba. Miaka mingi nimeyapanga. Nilitaka kumwambia pale mezani, tukiwa na kikombe mkononi: nisamehe, nilichelewa. Nitasemaje nisamehe huku nikimnywesha uongo? Tuliongea habari za mbuzi.

Jumamosi, 26 Septemba

Kila siku najiambia leo. Asubuhi tunakaa barazani, anauliza ziwa liko upande gani, namgeuza kiti. Anasema linanuka kama chuma. Mchana analala. Jioni nasema kesho.

Chupa ya pili hajaiulizia.

Jumanne, 29 Septemba

Nilikwenda mjini kumkatia tiketi. Niliporudi alikuwa jikoni na Nyangeta, amekaa kwenye kigoda, wanacheka. Waliacha nilipoingia.

Ijumaa, 2 Oktoba

Ameondoka na basi la asubuhi. Nilimfunga vifungo vya koti. Mfuko wa ndani ulikuwa na kitu kigumu, nikadhani dawa.

Nilianza: "Kaka, ile siku ya baba…"

"Wewe ulikuwa mbali," alisema. "Mtu aliye mbali anafanya anachoweza."

Kondakta akapiga bati. Sikupata kusema. Hata msamaha amenipa kabla sijauomba.

Jumatano, 7 Oktoba

Simu ya maandishi imefika mchana. Kaka yuko nyumbani salama.

Nyangeta alinisikia nikiisoma. Alifuta mikono, akaja kukaa. Amesema sasa anaweza kusema, maana aliagizwa asiseme mpaka mzee afike kwake.

Siku ile nilipokwenda kukata tiketi, kaka aliingia jikoni akifuata ukuta. Akasimama chini ya rafu, akavuta hewa. Akauliza ile siki ya kachumbari iko wapi. Nyangeta akamshushia galoni, akamtilia kijiko. Kaka aliishikilia mdomoni muda mrefu sana, anasema Nyangeta, mpaka yeye akaogopa. Halafu akaomba chupa yoyote ndogo. Nyangeta alikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi. Akaiosha, akaijaza, akakaza kifuniko. Alimuuliza ni ya nini.

"Ya kwetu," kaka alisema. Kisha akamchekesha kwa habari za utoto wangu, jinsi nilivyokuwa nikivunja kitu na kukirudisha mahali pake kimya kimya.

Nyangeta amerudi kwenye moto wake.

Kabatini kulikuwa na soda tatu za Mama Zaituni na ile chupa ya pili ya dukani. Ya dukani nimeitoa, nitampa mpishi. Nimechukua galoni rafuni. Imebaki ya kujaza chupa moja na robo. Nimejaza chupa ya kaka, nimepiga kizibo, nimeilaza kwenye wimbi la katikati. Siki haihitaji baridi, najua. Nyangeta alinitazama kutoka mlangoni. Alikwenda akaleta kanga, akaifunika.

Saa kumi na mbili jioni, nyuzi kumi na tatu.